Sanamu Zilizohamishwa na Majina Yasiyoandikwa: Kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Dar es Salaam

Mjadala kuhusu sanamu za vita kwa kawaida huanza na swali moja: je, sanamu ing'olewe au ibakishwe? Historia ya Dar es Salaam yaonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la msingi, halitoshi. Lipo jingine lililo zito zaidi, nalo ni: kumbukumbu hiyo inamtaja nani kwa jina?

Mnamo mwaka 1909 utawala wa Kijerumani ulisimamisha mjini humo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa watu wa pwani chini ya Abushiri. Miguuni pake alichongwa askari wa Kiafrika, asiye na jina, akimtazama bwana wake kwa unyenyekevu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Mwaka 1922 ilisimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968.

Mwaka 1927 Waingereza nao walizindua Sanamu ya Askari, ambayo hadi leo ipo katika Barabara ya Samora. Safari hii Mwafrika hakuwekwa miguuni pa mtu. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaenzi askari pamoja na wapagazi, wanaofananishwa na mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba afaye akiipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Hata hivyo, sanamu yenyewe haina jina hata moja la marehemu.

Pengo hilo laonekana wazi zaidi Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, yalipo Makaburi ya Vita. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa Barabara ya Ocean yalipohamishwa kupisha ujenzi wa barabara. Makaburi ya Waafrika Wakristo, ya Waislamu na ya wasio Wakristo hayakuwa yamewekewa alama moja moja. Kwa sababu hiyo mabaki yao yalizikwa upya katika makaburi ya pamoja, yenye kuta za ukumbusho. Wenzao waliokuwa na alama walihama na majina yao.

Wapagazi, hata hivyo, waliacha ukumbusho mwingine, ambao haukujengwa na serikali yoyote. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mahali ilipokuwa kambi yao pakaitwa Kariakoo. Umbo la neno hilo lina ushahidi wake. Herufi za mwisho za Kiingereza, zisizotamkwa, hazimo, na kila silabi inaishia kwa irabu kama Kiswahili kinavyotaka. Neno hilo, basi, lilipokewa kwa sikio wala si kwa maandishi. Nairobi nayo ina mtaa wenye asili hiyo hiyo. Lakini neno Kariakoo limehifadhi jina la kikosi, si la mtu mmoja mmoja.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Hivyo basi, kung'oa sanamu kwaweza kuondoa dhuluma machoni pa wapita njia, na kuibakisha kwaweza kuhifadhi ushahidi. Hakuna kati ya hayo mawili kinachorudisha jina lililopotea. Kazi hiyo yataka kuchunguza nyaraka zilizosalia na masimulizi ya koo, kabla wanaoyakumbuka hawajatoweka. Ahadi ya mwaka 1927 iliandikwa kwa lugha tatu. Bado haijatimizwa kwa lugha yoyote.