Kutoka koroboi hadi radi: Njia mbalimbali za kuzalisha mwanga

GIZA linapoingia Kakamega, mwanga huchomoza kutoka pande nyingi. Mjini huwaka taa za umeme. Vijijini Shinyalu na Ikolomani, baadhi ya familia huwasha taa za sola ilhali nyingine bado hutegemea koroboi. Pembezoni mwa msitu, vimulimuli huanza kumetameta, na mawingu yakitanda, radi humulika anga lote.

Vyanzo hivi vyote hutoa mwanga, lakini kila kimoja kina namna yake ya kuuzalisha. Kuzifahamu njia hizo si jambo la wanafunzi wa fizikia peke yao. Ndiko kunakotueleza ni kwa nini taa moja hula pesa, nyingine hudhuru mapafu, na kwa nini mwanga wa angani huweza kuua.

Asili ya mwanga

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na ndani ya atomu mna chembe ndogo ziitwazo elektroni. Elektroni ikiongezewa nishati hupanda ngazi ya juu. Inaporudi chini, huitoa nishati hiyo kama chembe ya mwanga, yaani fotoni. Mwanasayansi Niels Bohr wa Denmark alieleza jambo hili mwaka 1913. Elektroni ikishuka hatua ndefu hutoa mwanga wa buluu au zambarau. Ikishuka hatua fupi hutoa mwekundu.

Mwanga unaotokana na joto

Njia kongwe zaidi ni ya joto. Mhunzi anapotia chuma motoni, chuma hicho huwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, na hatimaye manjano kadiri joto linavyopanda. Jua nalo hung'aa kwa kanuni iyo hiyo. Uso wake una joto la takriban nyuzi 5,500 za selsiasi, na mwanga wake huchukua zaidi kidogo ya dakika nane kutufikia.

Balbu ya zamani yenye waya mwembamba ni mfano mwingine. Umeme huupasha waya huo joto la nyuzi zipatazo 2,500 hadi ung'ae. Kasoro yake ni kwamba takriban asilimia tano tu ya umeme ndiyo hugeuka kuwa mwanga. Uliosalia hupotea kama joto, na mwenye nyumba huulipia.

Koroboi pia ni taa ya joto. Umanjano wa mwali wake hutokana na chembe za masizi zinazong'aa kabla ya kupaa kama moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia saba hadi tisa ya mafuta yanayochomwa katika taa za utambi wa kawaida hugeuka kuwa masizi meusi. Hewa hiyo ndiyo anayoivuta mtoto anapodurusu akiwa ameinamia daftari. Isitoshe, koroboi ikipinduka huweza kuteketeza nyumba.

Mwanga usiohitaji joto kali

Kundi la pili hutoa mwanga bila kwanza kuwa moto sana. Katika taa ndefu za mirija na balbu za kuokoa nishati, umeme hupita katika mvuke wa zebaki. Mvuke huo hutoa miale isiyoonekana kwa macho, nayo miale ikigonga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, unga hung'aa. Kwa kuwa zebaki ni sumu, balbu kama hiyo ikivunjika yafaa kufungua madirisha na kutookota vipande kwa mikono mitupu.

Taa za LED zimepiga hatua zaidi. Ndani yake umeme hupita katika kipande kidogo cha kitu kisichopitisha umeme vizuri kama chuma, wala kisichouzuia kabisa kama mpira. Elektroni zinaposhuka ngazi humo, hutoa mwanga moja kwa moja. LED ya wati tisa hivi huweza kumulika sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Waliovumbua LED ya buluu yenye mwanga mkali, iliyowezesha kupatikana kwa mwanga mweupe, ni Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Kimulimuli naye huzalisha mwanga kwa kemia. Katika tumbo lake, kemikali iitwayo lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya. Mwanga hutokea pasipo joto la kuhisika, naye mdudu huutumia kumwita mwenzi.

Radi

Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na miinuko ya magharibi mwa Kenya, na hii ni sababu mojawapo ya mvua za radi za alasiri kuwa nyingi Kakamega. Chaji za umeme zikikusanyika mawinguni hupasua hewa, na njia zinamopita hupata joto la hadi nyuzi 30,000, mara tano hivi ya uso wa jua. Hewa hiyo hung'aa, kisha hutanuka ghafla na kutoa ngurumo.

Wapo wanaohusisha radi na uchawi, lakini chanzo chake ni umeme. Mnamo Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi ya Runyanya, nchini Uganda. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ingia ndani ya jengo imara, epuka miti na mabomba, na usitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, hivyo mguse na umpe huduma ya kwanza bila hofu.

Mwaka 2015 serikali ilipunguza ada ya kuunganishiwa umeme kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Kwa familia ambazo bado hazijafikiwa, taa ndogo ya sola yenye LED hutoa mwanga usio na moshi, tena haihitaji kununuliwa mafuta kila jioni.