Mifupa ya Turkana na Hesabu ya Askofu

Mwaka 1650 James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, alitangaza kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye hesabu hiyo ilichapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na wengi wakaidhani ni Maandiko.

Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana. Kilikuwa cha mtoto wa kiume aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Watoto wetu husoma habari hizi shuleni. Tukiwalazimisha kuchagua kati ya mifupa hiyo na Kristo, twawafukuza kanisani kwa hesabu ya mwanadamu. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha Muumba ni nani, mwaka hakikuutaja. Basi tusiogope.