Dawa ya Moto ni Moto

Ukisimama mwezi wa nane juu ya kilima chochote cha Kalemie na kulitazama ziwa, huoni ng'ambo. Si ukungu, ni moshi. Usiku milima inavaa mkufu wa moto, na asubuhi mama afagiaye uwanja wake anazoa majivu mepesi ya majani yaliyoletwa na upepo. Tumeyaona hayo tangu utoto, hata hatuyaulizi tena. Twasema: ni kiangazi, nyika inawaka. Basi.

Lakini mwaka mmoja niliulizwa swali nikashindwa kulijibu, na kwa ajili ya swali hilo naandika habari hizi. Nilikuwa nimekwenda kufundisha katika kijiji kimoja cha mlimani. Huko palikuwa na mzee mwenye ng'ombe wachache. Tangu mvua zilipokwisha, mzee huyo hakuwapeleka ng'ombe wake ng'ambo ya kijito. Majani ya huko aliyaweka yawe akiba ya mwezi wa tisa. Siku moja mchana mtu mmoja alitia moto mbali, akitafuta panya wa porini. Kabla ya jua kutua, akiba yote ilikuwa majivu. Hakuungua ng'ombe hata mmoja. Lakini mvua zilikawia, na kabla hazijanyesha wanne walikuwa wamekufa kwa njaa. Mzee akaniuliza: “Mwalimu, je, moto huu ni adui yangu, au ni mimi nisiyejua kuishi naye?”

Ili kumjibu, sina budi kurudi nyuma.

Wazee wetu wengi wa pwani hii ya ziwa hawakuwa watu wa ng'ombe. Walilima, waliwinda, walivua samaki, walifuga mbuzi na kuku. Sababu moja kubwa ilikuwa mbung'o. Nzi huyo hukaa penye pori na vichaka, naye huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, wakakonda na kufa. Kwa mtu asiye na ng'ombe, moto ni mtumishi. Husafisha shamba, hufungua njia, huwafukuza nyoka, huwatoa wanyama mbele ya wawindaji, na majivu yake hurutubisha udongo. Tusiwacheke wazee, basi. Hawakuchoma kwa upumbavu. Walichoma kwa sababu majani marefu hayakuwa mali ya mtu.

Ng'ombe walipata makao juu, penye baridi, mahali mbung'o asipopapenda. Uso wa ziwa letu uko mita 770 hivi juu ya bahari, lakini nyanda za Marungu, upande wa Moba, zina vilele vipitavyo mita 2,000. Ziko hata nyanda nyingine za juu katika Katanga ya zamani, kama Kundelungu na Biano. Huko juu miti ni haba, majani ni mengi, na upepo haupumziki. Ni nchi njema ya ng'ombe. Tena ni nchi njema ya moto.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikipokea kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo. Miaka michache tu baadaye pigo kubwa liliiangukia Afrika: sotoka. Ugonjwa huo uliingia kaskazini-mashariki mwa bara yapata mwaka 1888, ukapita nchi za Afrika ya Mashariki yapata mwaka 1890 na 1891, ukafika kusini kabisa kabla ya karne kwisha. Mahali pengi waliokufa ni ng'ombe tisa katika kila kumi. Nini kilifuata? Malisho yaliyokuwa yakiliwa kila siku yaliota vichaka, na mbung'o akaingia mahali alipokuwa hayupo. Hapo twajifunza neno la kwanza: malisho hayakai yenyewe. Ng'ombe wakiondoka, kichaka, nzi na moto hugawana urithi wao.

Baadaye ilikuja biashara ya shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na maelfu ya wafanyakazi wa migodi walihitaji nyama. Katika miaka ya 1920 yalianzishwa makampuni ya ufugaji, kama Elakat na Pastorale du Haut-Lomami, yakaweka makundi makubwa katika mbuga za Katanga. Mara moto ukawa jambo la fedha. Katika malisho makubwa namna hiyo, njia ya kujilinda yajulikana po pote duniani. Mwisho wa mvua, majani yakiwa bado na umaji, hufyekwa mistari miwili inayokwenda sambamba kuuzunguka uwanja wa malisho. Kisha majani yaliyo katikati ya mistari hiyo huchomwa jioni, upepo ukiwa umetulia, na watu wenye matawi mabichi husimama kando. Moto mkubwa ukija mwezi wa nane, unakuta njia nyeusi isiyo na chakula, unakufa. Wahenga walisema: dawa ya moto ni moto. Hawakusema: moto wo wote, saa yo yote.

Serikali nayo ilitunga amri. Tarehe 23 mwezi wa tano mwaka 1953 ilitolewa amri ya Kongo ya Wabelgiji juu ya kuchoma majani na pori. Lakini amri inayosomwa ofisini haiwezi kumfikia mtu aliye porini na kiberiti. Yafaa zaidi kumwonyesha sababu.

Sababu hiyo ilitafutwa kwa uvumilivu mwingi huko Ndola, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Tangu mwaka 1933 walitenga vipande vya msitu wa miombo, msitu ule ule tulio nao sisi. Vipande vingine vilichomwa kila mwaka mapema, kiangazi kinapoanza. Vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni, kila kitu kikiwa kikavu. Vingine vililindwa visipate moto kabisa. Mwaka 1959 bwana Trapnell aliyaandika matokeo. Palipochomwa mwishoni, msitu uliharibika, yakabaki majani na machipukizi yasiyoweza kukua. Palipochomwa mapema, miti iliendelea kuishi. Palipolindwa, msitu ulisongamana. Nchi moja, miti ile ile, moto ule ule. Tofauti ni mwezi. Moto wa mwezi wa tano hutambaa, hulamba hapa na kuacha pale, na usiku umande huuzima. Moto wa mwezi wa tisa hukimbia na kupanda mitini.

Sasa tuvuke ziwa, twende Shinyanga, nchi ya Wasukuma, watu wa ng'ombe hasa. Katika miaka ya 1920 bwana Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o, alitumia moto uwe silaha. Majani yaliachwa yasichomwe ovyo ovyo mpaka yakauke yote, kisha nchi nzima ikachomwa kwa mpango, ili moto mkali uviue vichaka anamokaa nzi. Kumbe moto wa mwishoni, ambao Ndola ulionekana mharibifu, huko ulichaguliwa kwa makusudi. Hakuna kupingana. Kazi yake ilikuwa kuharibu kichaka, na aliyeutia alijua anachotaka kuharibu.

Lakini Wasukuma wenyewe walikuwa na hekima nyingine, nayo ndiyo inayomhusu mzee wetu. Huiita ngitili. Ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza. Ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi kiwe kikali. Ikifunguliwa, huliwa sehemu kwa sehemu, si yote kwa siku moja. Kwa miaka mingi desturi hiyo ilidhoofika, nchi ikawa uchi. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, ulioitwa HASHI, na ngitili zikafufuliwa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa. Nini kililinda ngitili? Si ukuta wala waya. Ni mkutano wa watu wote, uitwao dagashida, unaopanga sheria na adhabu kwa yule anayeingiza ng'ombe au kutia moto. Mzee wetu alikuwa na ngitili yake bila kuijua kwa jina. Alichokosa ni dagashida.

Tena liko fundisho la Serengeti. Sotoka ilipodhibitiwa huko, nyumbu waliokuwa laki mbili na nusu hivi mwaka 1961 waliongezeka kupita milioni moja mwaka 1977. Midomo hiyo yote ilikula majani, na mioto ya nyika ikapungua sana, maana haikupata cha kula. Mnyama alaye ni mzima moto asiyelipwa.

Twaweza kulitazama jambo hilo hata kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wafugaji Banyamulenge walishuka kutoka Kivu ya Kusini na ng'ombe wao, wakakaa Vyura, katika eneo la Moba. Mwaka 1998 vita viliwakimbiza. Po pote watu wakimbiapo na mifugo ikatoweka, huzuni ya kwanza ni ya watu, nayo yatosha kututoa machozi. Lakini hata nyika hubadilika: majani hubaki marefu, hakuna wa kuyala wala wa kuyalinda, na cheche moja huenda mbali.

Sasa juu ya ukame. Watu hudhani kwamba mwaka wa ukame ndio wenye moto mkubwa kuliko yote. Si hivyo kila mahali. Mvua ikiwa haba, majani huwa mafupi, na moto hupata kuni chache. Moto mkubwa huja mara nyingi baada ya mvua nyingi zikifuatwa na kiangazi kirefu. Kwa nini basi mfugaji aogope zaidi mwaka wa ukame? Kwa sababu kilichobaki ni kidogo, na hakina badala. Katika mwaka wa neema, moto ukila bonde moja, utahamia la pili, na baada ya siku chache machipukizi hutoka. Katika mwaka wa ukame hakuna bonde la pili, na udongo hauna maji ya kutoa machipukizi. Jirani zetu wa Zambia walitangaza ukame kuwa msiba wa taifa tarehe 29 mwezi wa pili mwaka 2024. Pigo la namna hiyo halijui mipaka ya nchi. Tena tuangalie: hata machipukizi yakitoka, huota kwa nguvu iliyowekwa katika mizizi. Ng'ombe wakiyala mara moja, tena na tena, mizizi huchoka, na mwaka wa tatu pale hapana malisho.

Basi nilimrudia mzee na jibu langu. Nilimwambia: moto si adui yako, wala wewe si mjinga. Ulihifadhi vizuri, lakini ulihifadhi peke yako. Akiba isiyojulikana na jirani si akiba.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa mwezi wa tano, aliwaita vijana, wenye mashamba na wawindaji. Wakakubaliana ni bonde gani litachomwa kwa ajili ya uwindaji, ni lipi la mashamba, na lipi halitaguswa hata mvua zije. Jioni moja, upepo ukiwa umelala, walichoma njia nyembamba kuizunguka ng'ambo ya kijito. Nami nilikuwapo na tawi langu bichi mkononi. Yule mtafuta panya naye alikuwapo. Mzee alimweka awe mlinzi wa upande wa mashariki, utokako upepo. Mwezi wa tisa moshi ulikuwa mwingi milimani kama desturi. Ng'ambo ya kijito ng'ombe walikuwa wakila.