Wito wa wachungaji, Goba

Wito wa wachungaji Goba, kata ya Wilaya ya Ubungo iliyokuwa zamani sehemu ya Kinondoni, hufuata taratibu za kila dhehebu. Kwa Wakatoliki, paroko huteuliwa na askofu wa jimbo. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 523.

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa mwaka 1963, njia ni ndefu, na waumini wana sauti ndani yake. Anayesikia wito hupendekezwa na usharika unaoufahamu mwenendo wake. Dayosisi humchuja na kumpeleka kusoma theolojia, mara nyingi katika chuo cha Makumira karibu na Arusha. Akihitimu, hubarikiwa kwa kuwekewa mikono na askofu, kisha hupangiwa kituo. Mwenye kumhamisha ni dayosisi. Wanawake walianza kubarikiwa mwaka 1991. Walicheleweshwa mno, maana kazi ya kufundisha na kuhudumia wagonjwa walikuwa wakiifanya siku zote.

Katika makanisa huru ya kipentekoste, mara nyingi mchungaji ndiye mwanzilishi: huanza na ibada za nyumbani, na wito wake huthibitishwa na watu wanaobaki naye.