Wafaransa walifinyangwa darasani

Ni saa ya mapumziko katika shule ya kijiji huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto anamwita mwenzake kwa Kibretoni, na mwalimu amesikia. Kiatu kikuukuu cha mti kinatundikwa kwa kamba shingoni mwake, naye atakivaa mpaka amnase mwingine aliyeteleza ulimi, amvishe. Atakayekutwa nacho jioni ndiye atakayekula adhabu. Mahali pengine kitu hicho kiliitwa "ng'ombe". Waliosoma Kenya enzi za kuvalishwa kibao kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mtoto yule kwa sheria alikuwa Mfaransa tangu siku aliyozaliwa. Ila serikali iliona bado hajaiva.

Vitabu vyake vya shule vilianza hadithi kwa Wagali, wenyeji wa kale wa nchi hiyo, na shujaa wao Vercingetorix, aliyesalimu amri kwa jemadari wa Kirumi Julius Caesar pale Alesia mwaka 52 K.K. Hadithi tamu, lakini ya kuchagua. Lugha ya Wagali ilikufa, ikaacha maneno machache kama chêne, yaani mwaloni. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini cha askari na wachuuzi wa Kirumi. Jina Ufaransa nalo limetoka kwa Wafranki, watu wa asili ya Kijerumani waliovuka mto Rhine. Mfalme wao Clovis alibatizwa Reims, na baada ya vizazi kadhaa wajukuu wa washindi hao walikuwa wakisema lugha ya walioshindwa.

Februari 14, 842, mjini Strasbourg, wajukuu wawili wa Charlemagne, mfalme wa Wafranki, walikula kiapo cha kusaidiana dhidi ya kaka yao Lothair. Charles, mtawala wa magharibi, aliapa kwa Kijerumani ili askari wa nduguye Louis wamwelewe; Louis naye akaapa kwa lugha ya magharibi, ambayo haikuwa Kilatini tena. Maneno ya Louis yaliandikwa, na hakuna maandishi ya Kifaransa yanayojulikana yaliyo ya kale kuliko hayo.

Wafalme waliofuata hawakujali mkulima anasema nini jikoni kwake, ilimradi kodi ilipwe. Mwaka 1539 François I aliamuru, pale Villers-Cotterêts, hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Aliishia hapo.

Mapinduzi ya 1789 ndiyo yaliyobadili mambo, kwa kuwa sasa wenye nchi walikuwa wananchi, na wananchi hao hawakuelewana. Padri Henri Grégoire alisambaza maswali mikoani, na Juni 1794 akalisomea bunge majibu: watu milioni 6 au zaidi hawakujua Kifaransa, wengine karibu idadi hiyo hawakuweza kukizungumza mfululizo, na waliokimudu hawakuzidi milioni 3. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 28. Dawa aliyoitaka Grégoire ni kuzifuta lugha nyingine za mikoani, naye, kwa maoni yangu, alikuwa mtu mwema aliyekosea. Huyu huyu alipigania utumwa ukomeshwe.

Sheria za waziri Jules Ferry za 1881 na 1882, zilizofanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima, ndizo zilizomsukuma mtoto wa Bretagne darasani. Wengi wa kizazi chake waliishia kwenye mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918, Wabretoni kwa Wakorsika, wakipokea amri kwa Kifaransa. Ufaransa ilipoteza wanajeshi wapatao milioni 1.4. Baadaye wakaja Wapoland, Waitaliano na Waalgeria, na watoto wao wakapitia madarasa yale yale.

Tangu 1992 katiba inatamka kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Mwaka 2011 Mayotte, kisiwa cha Komoro ambacho Sultani Andriantsoly aliiachia Ufaransa mwaka 1841, kilifanywa mkoa kamili wa 101. Raia wake wengi nyumbani husema Kimaore, lugha ndugu na Kiswahili, na maji wao pia huyaita maji. Shuleni husomeshwa kwa Kifaransa.