Kichwa cha Treni Nambari 911: Rangi ya Heshima na Swali la Mzima Moto

Mwalimu wetu wa historia alitutaka tuchague kitu kimoja, si kitabu wala hati, tukisome kama chanzo cha historia. Wenzangu walichagua vyungu, ngoma na sarafu za kikoloni. Mimi nilichagua picha ya kichwa cha treni cha mfano, kifupi kidogo kuliko rula ya shule, ambacho wakusanyaji wa Marekani hukiweka kabatini kwa fahari. Nimekulia Tororo, ambako treni za mizigo hupita zikitoka Malaba, na kaka yangu ni askari wa zimamoto. Kwa hiyo kitu hiki kilinigusa mara mbili.

Kichwa chenyewe, kile kikubwa, ni cha kampuni ya Norfolk Southern. Kilipakwa rangi mwaka 2015 katika karakana ya Juniata, mjini Altoona, Pennsylvania. Vichwa vya kampuni hiyo kwa kawaida ni vyeusi, lakini hiki kilipewa rangi zake, maneno ya kuwaenzi watu wa kwanza kufika kwenye ajali, yaani wazima moto, polisi na wahudumu wa magari ya wagonjwa, na nambari 911. Nambari hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo namba ya simu ya dharura nchini humo tangu mwaka 1968. Mwaka 2019 kampuni ya CSX nayo ilitoa kichwa chake chenye nambari hiyohiyo na kwa heshima hiyohiyo.

Desturi hii ina historia. Mwaka 1971 kampuni ya Seaboard Coast Line ilipaka kichwa kimoja rangi za bendera na kukipa nambari 1776, kuelekea miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Kampuni nyingine nyingi zikafuata mkumbo. Mwaka 2005 Union Pacific ilipaka kichwa nambari 4141 kwa heshima ya Rais George H. W. Bush, rais wa 41, na Desemba 2018 kichwa hicho kikavuta treni iliyobeba jeneza lake huko Texas. Mwaka 2012 Norfolk Southern ilipaka vichwa 20 rangi za kampuni za zamani zilizoungana kuizaa. Tunaona basi kwamba ubavu wa treni umekuwa mnara wa kumbukumbu, ila mnara huu hutembea, na watu huungoja kando ya reli.

Hapa ndipo wakusanyaji wanapoingia. Kichwa cha treni ni chombo cha kazi. Rangi yake huchakaa, na siku moja hupakwa nyingine. Vichwa vingi vya miaka 200 ya uhuru vilipoteza rangi zao hivyo. Modeli ya kipimo cha 1 kwa 87 hubaki na kila mstari na kila nambari. Kwa maoni yangu, mkusanyaji ni mtunza nyaraka asiyelipwa. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2004, Union Pacific iliposhtaki watengenezaji wa modeli, Athearn na Lionel, kwa kutumia alama zake bila leseni. Wapenzi wa modeli walilalamika sana, na mwaka 2006 kampuni ikaacha kudai ada hizo. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la kihistoria: kumbukumbu ya reli ni mali ya nani?

Hata hivyo, chanzo chochote cha historia huulizwa pia kinachoficha. Nilipomwonyesha kaka picha ile, alitabasamu, kisha akasema: "Sisi tukifika kwenye ajali ya tangi, swali la kwanza ni moja tu: limebeba nini? Moto wa petroli ukiupiga maji unaueneza."

Swali hilo liliulizwa usiku wa tarehe 3 Februari 2023, katika mji mdogo wa East Palestine, Ohio. Treni ya Norfolk Southern iliacha reli baada ya beringi ya gurudumu kupata joto kupita kiasi. Mabehewa 38 yalianguka, na matano kati yake yalibeba vinili kloridi. Wazima moto wengi waliofika walikuwa wa kujitolea. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ilipomaliza uchunguzi wake mwaka 2024, ilisema kwamba kampuni ilichelewa kuwafikishia waokoaji taarifa za shehena, na kuchelewa huko kuliwaongezea hatari wao pamoja na wakazi. Kampuni hiyo ndiyo iliyopaka 911.

Je, ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti? Sidhani kwamba ni haki kuhukumu hivyo moja kwa moja. Mwaka uleule wa 2015 kampuni ilianzisha mpango wa kuwafundisha wazima moto kuhusu ajali za reli, ukiwa na treni yenye mabehewa ya darasa na matangi ya mazoezi. Nia ilikuwepo. Lakini heshima iliyopakwa ubavuni haikufika usiku ule ilikohitajika, yaani kwenye mkono wa mzima moto, ikiwa karatasi yenye orodha ya mizigo. Juni 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni inayozitaka kampuni za reli kuwa na taarifa za shehena hatari kwa njia ya elektroniki na kuzitoa kwa waokoaji upesi ajali inapotokea.

Kwa kuhitimisha, rangi ya nambari 911 inatueleza jinsi kampuni ilivyotaka kukumbukwa. Ripoti ya bodi inatueleza yaliyotokea. Mwanahistoria anavihitaji vyote viwili, na namshukuru mkusanyaji aliyetutunzia kimoja. Ila ningeulizwa ni kipi kinachowaheshimu zaidi watu kama kaka yangu, ningechagua ile kanuni, ingawa hakuna atakayeitengenezea modeli.