Motokaa Yenye Nguvu Chache

Apitaye Kariakoo penye msongamano wa watu na mikokoteni huona ya kuwa hapo mtambo wenye nguvu nyingi haumfai dereva kitu. Ndivyo ilivyokuwa katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953: zaidi ya maili 3,000 za matope, vumbi na mawe. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na mwenziwe Chris Rothwell waliendesha Peugeot 404, ambayo nguvu yake haikufika farasi 100. Wengine walikuwa na motokaa zenye nguvu zaidi, lakini nyingi zilikwama au kuvunjika njiani. Yao ilifika. Walishinda mwaka 1966, wakashinda tena 1967. Basi twajifunza ya kwamba ushindi ni wake akijuaye chombo chake, akakitunza hata mwisho.